Taswira ya nafsi na ishara za kuazima

Zoezi la kumtaka mwanafunzi aunde taswira ya nafsi yake kwa kompyuta limeenea katika shule za sanaa za Marekani na Ulaya. Utaratibu wake haubadiliki sana. Mwanafunzi hupigwa picha ya uso, picha hiyo huingizwa katika programu kama Photoshop, kisha huwekewa tabaka juu ya tabaka: ndege, ufunguo, mizizi, saa, ramani ya mji wa kuzaliwa. Kila kitu sharti kiwe ishara ya binafsi. Mwishoni mwanafunzi huandika ukurasa mmoja wa maelezo unaomfumbulia mwalimu maana ya kila kimoja.

Manufaa ya zoezi hili hayakanushiki. Tabaka, ambazo Photoshop ilizipata mwaka 1994, humwezesha mtu kuongeza, kuondoa na kurudisha bila kuiharibu picha ya chini. Asiyejua kuchora hapati tena kisingizio cha kunyamaza. Utata unaanza kwenye neno lile "binafsi".

Zoezi linachukulia kwamba ishara imekwisha kukaa ndani ya mtu, na kwamba kazi yake ni kuitoa tu. Kumbe kilichomo ndani ni kumbukumbu, ambayo bado haijapata umbo. Mwanafunzi anayeharakishwa huliazima umbo hilo katika hazina za picha zilizo tayari, na kila mwenye kutaka kusema "uhuru" hurudi na ndege au mnyororo uliokatika. Kosa si lake peke yake. Ameamriwa awe na lugha ambayo hakuna mwingine aisemaye, na papo hapo aeleweke.

Samuel Fosso, aliyezaliwa Kumba, Kameruni, mwaka 1962, alifungua studio yake mjini Bangui mwaka 1975, akiwa bado mtoto. Vipande vya filamu vilivyosalia baada ya kuwapiga wateja alivitumia kujipiga mwenyewe, apate kumpelekea bibi yake Nigeria. Hapo hapakuwa na kompyuta wala karatasi ya maelezo. Palikuwa na mtu wa kutazama. Katika mfululizo wa mwaka 1997 alioufanya kwa ajili ya duka la Tati la Paris, Fosso anaketi kama chifu aliyeiuza Afrika kwa wakoloni: miwani ya jua, mikufu, ngozi ya chui, na mkononi maua ya alizeti. Hakuna hata kimoja alichokibuni. Ngozi ya chui ni ishara ya utawala iliyojulikana kabla yake, na ndiyo maana alizeti inashtua. Mtazamaji asiyeijua ngozi hataona kwamba maua yamekaa mahali pa fimbo ya enzi. Kilicho cha Fosso mwenyewe ni kule kuvikutanisha, na kukubali kwamba mwili unaodhihakiwa ni mwili wake.

Katanga ina ushahidi wake. Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970 walirudia mada chache sana, kama vile mamba muntu na Colonie belge, na wenye nyumba walizinunua na kuzitundika ukutani. Johannes Fabian, aliyezichunguza picha hizo na kuzungumza kwa Kiswahili na Tshibumba Kanda Matulu juu ya historia aliyoichora, alionyesha kwamba picha ilithaminiwa kwa kuwa na ukumbusho, yaani kwa uwezo wake wa kumrudishia mtazamaji jambo na kumfanya aseme. Mamba muntu mmoja aliweza kukaa katika nyumba nyingi, na katika kila nyumba akaamsha kisa kingine. Ubinafsi haukuwa katika umbo. Ulikuwa katika usimulizi. Mwanamke wa pwani afanya vivyo hivyo na kanga: maneno yamechapishwa kiwandani kwa maelfu, lakini siku aliyoichagua kuivaa, na jirani atakayeisoma, ni vyake yeye.

Kwa hiyo ndege wa mwanafunzi si lazima afukuzwe. Swali linalomfaa mwalimu ni: ndege huyu amekaa karibu na nini, naye anasemwa mbele ya nani?

Jambo zito zaidi ni ile karatasi ya maelezo. Chéri Samba naye hujichora na huandika, lakini maneno yake yamo ndani ya turubai, yakibishana na sura iliyo kando yake. Yakiondolewa, picha yenyewe inapungua. Maelezo ya darasani yako nje, nayo hufanya kazi ya ufunguo: yakishasomwa, hakuna tena haja ya kutazama. Isitoshe, yanamlazimisha kijana aungame. Aliyeweka kiatu cha mtoto kwenye kona ya picha hulazimika kuandika ni cha nani, na mtoto huyo yuko wapi. Katika nchi iliyopitia vita tangu 1996, hilo si swali la kuulizwa kwa ajili ya alama. Waluba waliokuwa na lukasa, ubao wa kumbukumbu wenye shanga, walijua kwamba usomaji wake ni wa wana-mbudye. Kusitiri kulikuwa sehemu ya maana, wala hakukuhesabiwa kuwa ni udhaifu wa kujieleza.

Njia nyingine ya kuendesha somo hili ipo, wala haigharimu kitu. Maelezo yaandikwe na mwanafunzi mwenzake, aliyeitazama picha bila kuambiwa neno, na mwenye picha apewe haki ya kujibu au kukaa kimya. Hapo itaonekana upesi ni ishara ipi iliyobeba jambo na ipi iliyobandikwa tu kujaza nafasi. Na kile kiatu kitaweza kubaki konani, kikitazamwa.