Usigawe kwa Usichokijua

Huku Lushoto, asubuhi ambazo ukungu huchelewa kuondoka Magamba, mwalimu mmoja mstaafu huwafundisha vijana wa kidato cha tano barazani kwake. Nilimkuta ameandika ubaoni: sin 2x = sin x. Kijana mmoja alibonyeza kikokotoo, akasema, "Nyuzi 60, mwalimu."

Mzee hakumkatalia. Aliivunja sin 2x ikawa 2 sin x cos x. Hapo ndipo mwenye pupa huharibu: anaiona sin x pande zote mbili, anagawa, inatoweka. Mzee hakugawa. Alihamishia kila kitu kushoto, kulia akabakiza sifuri, kisha akaitoa sin x nje ya mabano: sin x (2 cos x − 1) = 0. Zao likiwa sifuri, lazima kigawo kimojawapo kiwe sifuri. Kuanzia 0 hadi 360, majibu yakajitokeza: 0, 60, 180, 300, 360.

"Mwanangu," akasema, "usigawe kwa usichokijua. Huenda ni sifuri."

Kuna na uangalifu wa upande wa pili, ambao mimi naupenda zaidi. Katika sin x + cos x = 1, ukipandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, 180 na 270 hujipenyeza kama majibu halali. Mzee huyarudisha yote kwenye mlinganyo wa mwanzo, moja baada ya jingine. Hayo mawili hutoa −1, naye huyakata kwa mstari mmoja ulionyooka.

Ufundi huu umetoka mbali. Al-Kashi, mwanahisabati aliyefanya kazi Samarkand mwanzoni mwa karne ya 15, aliitafuta saini ya nyuzi 1 kutokana na ile ya nyuzi 3, kwa mlinganyo wa kipeo cha tatu, akilisogelea jibu hatua kwa hatua kwa mkono. Sisi tulirithi kitabu cha majedwali ya tarakimu nne. Jedwali la saini liliishia nyuzi 90. Kuanzia hapo ilibidi ufikiri mwenyewe pembe nyingine ziko robo ipi ya duara.

Siku hizi madaftari ninayoonyeshwa hayana hatua. Kuna swali, kuna 60 iliyopigiwa mistari miwili, na ukurasa unaofuata ni swali jingine. Yale majibu manne hayakutafutwa na mtu.