Miti ya Julai na fomu za bourse

Niko na neno juu ya kile kipande cha fomu za bourse za nje chenye kinauliza: « Unafanya shughuli gani nje ya masomo? » Wengi wenu mnaniletea fomu hizo nizisome mbele ya kutuma. Swali lenyewe ni zuri. Lakini vile wanalisoma kule, na vile sisi tunalijibu huku, linachagua watu kwa kipimo kibaya. Na tangu banki zifunge milango Bukavu Februari 2025, wazazi wengi hawaoni tena minervali itatoka wapi. Hii si mambo ya kuchezea.

Sisi tulikomea na hesabu moja. Tangu 1967 Examen d'État njo mlango: unapata asilimia yako, unaenda nayo ku fakulte. Hakuna mtu anakuuliza kama unaimba kwaya. Halafu unafika kwa African Leadership Academy ya Johannesburg, yenye ilifunguka 2008, ao kwa bourse za Mastercard Foundation zenye zilianza 2012, na unaambiwa pointi peke hazitoshi, wanatafuta pia uongozi na kazi ya kusaidia jamii.

Desturi hiyo imetoka mbali, na haikuzaliwa safi. Harvard, miaka ya 1920, rais wa chuo, Lowell, aliona Wayahudi wanaingia wengi kwa nguvu ya mitihani. Alitaka kuwawekea kiwango. Ilipokataliwa, chuo kikaanza kupima « tabia » ya mtu pamoja na pointi, na hesabu yao ikashuka. Hata leo bado: mwaka 2023 watafiti Chetty, Deming na Friedman walionyesha kwamba, kwa pointi zile zile, mtoto wa ile asilimia 1 ya matajiri wa Marekani anaingia kusoma ku vyuo vikubwa zaidi ya mara mbili kuliko mtoto wa familia ya kati. Alama za shughuli za nje ya masomo ni moja ya sababu.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Mtoto wa Muhumba ako ku klabu ya Kiingereza, Jumamosi ako Scout. Mtoto wa Cimpunda anatoka masomo, anashuka kuchota maji, anapanda mlima na bidoni ya lita 20, kisha anakaa ku meza ya mama yake soko ya Kadutu mpaka giza. Ku fomu aandike nini? Mmoja aliniletea yake ameandika « hakuna ». Na huyo alikuwa anajua kichwani bei ya maharagi ya kila juma, na deni ya kila mteja wa mama yake.

Sisemi Scout, Kiro ao Xaveri ni bure. Xaveri ilianzia hapa kwetu, 1952, na watu wenye walipitia pale wanajua kuendesha mkutano bila kupigana, jambo lenye vyama vingi vya hapa vinakosa (chetu pia, siku zingine). Nalaumu kitu kingine. Kila mwaka fomu zikifunguka, vikundi vinazaliwa: rais-mwanzilishi mmoja, memba watatu, tishati, na picha ya kupanda miti. Niongee kama agronome: mti unapandwa mvua ikirudi, Septemba, hapana Julai. Mche wa Julai ku miteremko yetu, bila mtu wa kuunywesha, unakauka mbele ya Agosti kuisha. Lakini picha inabaki ku dosie, na mwenye kuisoma kule mbali hajui majira yetu.

Kenya kuna mfano wenye napenda. Mwaka 2004 Mike Boit, yule wa medali ya shaba ya mita 800 Munich 1972, na mwandishi Mmarekani John Manners walianzisha KenSAP, ya kupeleka vijana wa Bonde la Ufa wenye pointi za juu ku vyuo vikubwa vya Marekani. Walijua kocha wa kule anaweza kusukuma jina la mtu. Basi ku uchaguzi waliwakimbiza mita 1500 kule Iten, hata wenye hawajafanya mazoezi ya mbio siku moja. Ucheke kama unataka. Mimi naona akili, walitafuta kitu chenye mtoto maskini alikuwa nacho tayari. Lakini hata pale, ni mtoto alifananishwa na fomu. Fomu haikusogea.

Kuna wenye watasema: basi turudi ku asilimia tu. Hapana. Magonjwa ya Exetat tunayajua sote. Swali libaki, ila liulizwe hivi: « Jumanne yako, toka asubuhi mpaka usiku, inapita namna gani, na nani anaweza kushuhudia? » Mama jirani wa meza sokoni ni shahidi mzuri kuliko picha.

Mpaka wabadilishe, msiandike « hakuna ». Andikeni saa ngapi kwa siku, lita ngapi, mauzo ya franka ngapi, wadogo wangapi mnalea, tangu mwaka gani. Mwenye fomu yake inafunga mwezi huu aniletee Jumamosi, aje na Jumanne yake imeandikwa ku karatasi.