Kusoma Saa Kwenye Sahani: Mwongozo wa Mlaji Mgeni Lubumbashi

Katika soko la Kenya, Lubumbashi, mnunuzi anayejua anachotafuta hainuki na samaki wa kwanza aliyeonyeshwa. Anainama, anafungua kifuniko cha shavu kwa ukucha wa kidole gumba, anachungulia ndani, kisha anauliza: "Mama, hii samaki inatoka wapi?" Jibu huja upesi: "Ku Kasenga, papa. Ilifika asubui." Hapo bado hajatoa pesa. Anatazama nyuzi za ndani ya shavu. Zikiwa nyekundu kama damu na utelezi wake mwepesi, lori lilikimbia usiku na barafu ikatosha. Zikiwa za kahawia, zimegandana, na ute umekuwa mzito kama gundi, barafu iliisha njiani na samaki alisafiri kwenye maji yake mwenyewe.

Lubumbashi ina maji yake. Kuna ziwa dogo la kutengenezwa upande wa uwanja wa gofu, ambako watu huenda kupunga upepo Jumapili, na nje ya mji kuna Kipopo, kituo cha ufugaji wa samaki cha tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1949 wataalamu wa Kibelgiji na wa Kiingereza walikutana katika mji huu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, kujadili ufugaji wa samaki katika Afrika. Hata hivyo, ziwa linalolisha mji ni Moero, na liko mbali. Kasenga yenyewe, bandari ya mto Luapula kusini mwa ziwa hilo, iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Mgeni anayepanga safari ya kula na kunywa hapa ajifunze kwanza kusoma muda: saa ngapi tangu samaki atoke majini, siku ngapi tangu munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ukorogwe, miezi mingapi tangu dagaa waanikwe. Ladha ya Lubumbashi imefungwa ndani ya hesabu hiyo.

Barabara ya Kasenga ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mji ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika, na kampuni ya migodi ya Union Minière ilihitaji chakula cha maelfu ya wafanyakazi wake. Wafanyabiashara wa Kigiriki wakaweka mashua na mitambo ya barafu Kasenga, wakajaza malori. Samaki aliyewatajirisha alikuwa mpumbu, ambaye msimu wa mvua hupanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga. Nyavu zilimngoja palepale njiani, akiwa na mayai tumboni. Katikati ya karne ya 20 mpumbu aliporomoka, na hajarudi kuwa vile alivyokuwa. Wazee wanaomtaja bado hutaja mayai yake kabla ya nyama.

Anayetawala sahani leo ni pale, jamaa wa tilapia anayepatikana Moero na Luapula. Baada ya shavu, mnunuzi apime tumbo. Abonyeze kwa kidole karibu na mkundu wa samaki, kwa sababu hapo ndipo kuoza kunapoanzia. Nyama ikirudi juu papo hapo, ni njema. Shimo la kidole likibaki, aachane naye hata kama jicho lingali linang'aa. Jicho hudanganya zaidi ya viungo vyote, maana muuzaji humwagia samaki maji kila baada ya dakika chache. Magamba yasing'oke kwa kupapaswa tu. Na harufu ya samaki wa ziwa aliye mpya ni hafifu sana, karibu na ya jani lililolowa. Shombo kali ni ishara ya saa nyingi.

Samaki wa bwawa ana mtihani wake. Anaweza kuwa mbichi kabisa, ametolewa majini asubuhi hiyo, na bado akawa na ladha ya tope. Ladha hiyo haitoki kwa pilipili, ingawa limau huweza kuipunguza. Mfugaji mzuri humhamishia samaki kwenye maji safi siku chache kabla ya kumuuza, bila kumlisha, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama hilo lilifanyika. Samaki wa bwawa pia hubeba mafuta mengi chini ya tumbo. Akikaangwa, mafuta yale huyeyuka na nyama inabaki imelegea. Kwa kuchoma juu ya makaa, wa ziwa anamshinda.

Kuna jambo moja ambalo ukucha na pua haviwezi kulipima. Ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la umeme la Mwadingusha kwenye mto Lufira, liko katikati ya nchi ya migodi, na watafiti waliopima samaki wake wamekuta ndani yao metali za migodini, kobalti ikiwemo. Samaki kama huyo anaweza kuwa na shavu jekundu na nyama ngumu. Kwa hiyo swali la "inatoka wapi" si la mazungumzo tu. Liulizwe kila mara, na muuzaji asiyejua jibu apitwe.

Dagaa wa Moero huitwa chisense, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa. Huwafikia walaji wa mjini wakiwa wakavu, na hapa kupima ni rahisi kwa anayejua. Achukue kiganja kimoja, afunge mkono, asugue taratibu, kisha afungue. Mchanga ukibaki kwenye mistari ya kiganja, walianikwa chini. Mchanga huo hautoki hata kwa maji matatu. Waliokaushwa juu ya chanja huacha unga mwepesi wa magamba na harufu ya jua. Rangi iwe ya fedha. Manjano kwenye tumbo maana yake mafuta yamechacha, na mchuzi utakuwa na ukakasi kooni. Mmoja akunjwe: akivunjika kwa mlio, amekauka sawasawa, akipinda, kuna unyevu, na katika mfuko uliofungwa ukungu hauko mbali.

Samaki wa moshi apimwe kwa uzito. Mkubwa aliye mwepesi kupita kiasi ameliwa na wadudu kutoka ndani, na vitundu vyake huonekana kwenye shingo, karibu na mfupa. Ngozi ya rangi ya asali iliyoiva ni ya moshi wa polepole. Nyeusi tititi ni ya moto mkali, nje imeungua na katikati bado mbichi.

Kando ya samaki kuna bukari. Mtanzania ataiona akasema ni ugali, lakini Lubumbashi wengi huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, na uwiano huo ni siri ya kila nyumba. Bukari nzuri inashikana bila kunata vidoleni, inang'aa kidogo juu, na ukiimega ndani hakuna punje nyeupe ya unga mkavu. Unga wa muhogo ulioloweshwa vizuri una harufu ya chachu laini. Ule ulioharakishwa una uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Sombe, yaani kisamvu, ipimwe kwa mambo mawili tu: majani yawe yametwangwa, na yamepikwa mpaka mafuta yakapanda juu.

Na kinywaji? Hapa ndipo mgeni anapokosea mara nyingi, kwa kuagiza chupa anayoijua kwao. Ufundi wa kweli wa mkoa huu uko kwenye munkoyo.

Mpishi anaanza na uji wa unga wa mahindi, unaochemka kwa muda mrefu mpaka harufu ya unga mbichi iishe kabisa. Anaepua, anasubiri. Kando yake kuna mizizi ya mimea ya porini ya jamii ya kunde, iliyopondwa mpaka ikafumuka kama nyuzi za katani. Kusubiri huko ndiko kunakomtofautisha fundi na mwanafunzi. Mizizi ikitiwa uji ungali unachemka, vimeng'enya vilivyomo hufa kwa moto na uji hubaki uji. Ukipoa mno, vimeng'enya hufanya kazi kwa uvivu na uchachu usiotakiwa huwahi kuingia. Wapishi wa zamani hupima kwa kidole: joto livumilike, lakini kwa shida. Kisha mizizi inaingia, mwiko unazunguka, na uji uliokuwa ukishika mwiko unaanza kulegea mbele ya macho. Wanga unageuka sukari. Muda si mrefu kilichokuwa kizito kinamiminika kama maziwa, na kimekuwa kitamu bila kijiko hata kimoja cha sukari.

Baada ya hapo ni kazi ya usiku. Munkoyo wa siku ya kwanza ni mtamu, chakula cha watoto na wagonjwa. Wa siku ya pili una utamu na uchachu vikishikana mikono, na huo ndio wa kumpa mgeni. Ukizidi hapo kileo huongezeka, na wapo wanaoupenda hivyo. Kwa Wabemba wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, kinywaji chenyewe huitwa pia ibwatu, na jina la munkoyo huachiwa mizizi.

Kuupima kunaanza kabla ya kuonja. Uache utulie kwenye glasi: mashapo laini yashuke polepole, na juu kubaki maji ya rangi ya krimu. Uumimine kutoka juu. Ukivutika kama ute wa bamia, umeharibika. Harufu iwe ya udongo uliolowa na ganda la kunde, kisha maziwa ya mgando kwa mbali. Ukisikia harufu kali ya rangi ya kucha, uweke chini. Utamu wa sukari ya dukani hufika kwenye ulimi upesi na kuondoka upesi, ukiacha kiu. Ule wa wanga hukua polepole, na uchachu huja kuufunga. Nyuzi za mizizi zikibaki menoni, chujio lilikuwa bovu au halikuwepo.

Swali la afya liko mahali ambapo wengi hawalitazami. Uji umechemshwa, hivyo umeanza ukiwa salama. Hatari huingia na maji yanayoongezwa mwishoni ili ndoo ijae, na chupa ya plastiki iliyosuuzwa harakaharaka. Aulizwe kwa heshima: "Mama, uliongeza maji?" Mpishi mwenye fahari hujibu bila kukasirika, na mara nyingi hueleza zaidi ya alichoulizwa. Mizizi yake ina thamani inayopanda, kwa kuwa misitu ya miombo inayouzunguka mji imekatwa sana kwa ajili ya makaa, na wachimbaji wanalazimika kwenda mbali zaidi.

Bia haihitaji maelezo marefu. Mji umekuwa ukitengeneza bia tangu miaka ya 1920, na Simba ndiyo inayoitwa kwanza mezani. Tembo, yenye rangi ya kaharabu iliyokolea, inafaa zaidi kando ya michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Michopo bora ina mafuta pembeni ya kila kipande na imekatwa na mfupa wake. Kamalondo, mtaa mkongwe wa mji, jioni huwa na moshi wake kila kona, na mgeni achague jiko ambalo nyama mbichi inaning'inia mahali pa kuonekana.

Mvinyo unaouzwa madukani na hotelini kwa sehemu kubwa hutoka Afrika Kusini, na umepita mpaka wa Kasumbalesa ndani ya malori yanayoweza kukaa hapo siku nyingi juani. Kabla ya kusoma jina kwenye lebo, mteja atazame kizibo. Kikiwa kimesukumwa juu kidogo, au kuna doa la mvinyo uliovuja chini ya karatasi, chupa ilipata joto na ladha yake imepikwa. Chupa iliyosimama miezi chini ya taa ya rafu nayo iachwe. Lutuku, pombe kali ya mtaani ya kukenekwa, isionjwe kabisa: methanoli haionekani kwa jicho wala haisikiki kwa pua.

Safari yenyewe ipangwe kati ya Mei na Agosti. Mvua zimekoma, usiku ni wa baridi kwa kuwa mji uko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Kasenga inapitika. Siku mbili za kwanza ziwe za masoko na majiko ya mjini. Siku ya tatu, mwenye gari imara aondoke gizani kuelekea Luapula, ili aonje pale ambaye hajawahi kugusa barafu. Baada ya hapo atakuwa na kipimo mdomoni, na samaki wa mjini ataweza kumsoma mwenyewe.

Anayelazimika kuja mwisho wa mwaka asikate tamaa. Upande wa Zambia uvuvi wa Moero na Luapula hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na samaki mbichi huwa ghali, lakini msitu unafungua duka lake. Vinkubala, viwavi wa miombo, huuzwa kwa bakuli. Vizuri ni vile vilivyokamuliwa matumbo kabla ya kukaushwa, na mlaji akitafuna asisikie majani wala mchanga. Kisha kuna uyoga wa vichuguu, Termitomyces titanicus, ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa meta moja. Wachuuzi huusimamisha kando ya barabara kama miavuli. Geuza kofia utazame chini: mikunjo iwe myeupe na mikavu. Pasua shina kwa urefu, maana funza huanzia huko. Ukiwa safi, ununue, na ufike jikoni kabla ya jua kuzama, kwa kuwa uyoga wa asubuhi, kesho yake, huwa maji meusi ndani ya kikapu.