Ndege, Nyoka na Kiota: Uchoraji wa Pilipili Mulongoy na Swali la Ujumbe

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuiuliza kazi ya sanaa inasema nini. Swali hilo limeufaa ushairi, riwaya na tamthilia kwa miaka mingi, na ndilo lililozaa jozi ya fani na maudhui inayofundishwa tangu shule za sekondari. Likielekezwa kwa mchoraji aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora ndege, samaki, majani na maua, hupata jibu la kukatisha tamaa: picha hizo hazisemi kitu, ni mapambo ya ukutani. Makala hii inalipinga jibu hilo kwa kuzitazama kazi za Pilipili Mulongoy (1914–2007), mchoraji wa Katanga. Inalipinga pia jibu la pili, ambalo ni hatari zaidi kwa sababu linapendeza, kwamba kila nyoka katika picha hizo ni mkoloni na kila yai ni Kongo.

Jina la Pilipili linasomeka kwa Mswahili yeyote, kuanzia Lamu hadi Kolwezi. Hata hivyo, mchoraji huyu hajulikani vya kutosha miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili wa upande wa mashariki ya Ziwa Tanganyika, ilhali makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yanahifadhi kazi za karakana yake, na mwaka 2015 Fondation Cartier ya Paris ilizitundika picha zake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo ya tangu 1926. Ukosefu huo si wa bahati mbaya tu. Sanaa ya kuchora kutoka Katanga ilipofika katika taaluma ya Kiswahili ilipitia mlango mwingine, ule wa Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya Zaire kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kumsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha hizo, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Shaba. Fabian aliyachapisha mazungumzo hayo mwaka 1996. Kwa mhakiki anayetafuta ujumbe, Tshibumba ni karamu: ana mashujaa, minyororo, tarehe na maneno yaliyoandikwa juu ya picha yenyewe. Neno ukumbusho, ambalo wakazi wa Shaba walilitumia kuzielezea picha za aina hiyo zilizotundikwa sebuleni, likawa istilahi ya kitaaluma. Pilipili, aliyetangulia kwa kizazi kizima katika mji uleule, akabaki upande wa urembo. Mgawanyo huo, kwamba mmoja ana historia na mwingine ana uzuri, umewarahisishia wahakiki kazi, nao umewadhulumu wachoraji wote wawili.

Banda la Elisabethville

Pilipili alianza kujulikana katika karakana iliyoanzishwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés. Karakana hiyo iliitwa Le Hangar, yaani banda. Romain-Desfossés alikataa kuwafundisha wanafunzi wake kanuni za Ulaya za kuchora umbali na kivuli, na hakutaka wanakili picha za Kizungu. Aliwataka wachore kutoka katika kumbukumbu zao na mazingira yao. Matokeo yake yalikuwa mikono inayotambulika hata sahihi ikifunikwa. Bela alichora kwa ncha za vidole bila brashi. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu na wanyama kwa vistari vifupi vinavyokatana. Pilipili alijaza uwanja wake kwa vidoa na mikato midogo ya brashi, safu kwa safu.

Ni rahisi kumsifu mwalimu aliyekataa kufundisha. Hata hivyo uhuru alioutoa ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo inaonekana katika picha zenyewe. Elisabethville ilikuwa mji wa shaba. Bomba la moshi la kiwanda cha Union Minière na mlima mweusi wa takataka za madini ulio kando yake vilitawala upeo wa macho, na maelfu ya wafanyakazi waliishi katika kambi za kampuni. Mazingira yaliyotarajiwa kuchorwa, hata hivyo, yalikuwa ya mtoni na porini, mazingira ya Mwafrika kama alivyofikiriwa na mwenye banda na wateja wake. Bomba halimo katika ulimwengu wa ndege wa Pilipili. Mhakiki mwaminifu hana budi kukiri kwamba kutokuwemo huko si siri ya ukombozi iliyofichwa na mchoraji. Ni alama ya soko na ya mwalimu. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, karakana ikamezwa na chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini humo mwaka 1951, na Pilipili akafundisha huko. Ndege waliendelea.

Kinachotendeka ndani ya picha

Pamoja na hayo, mipaka ya somo haikuamua nini kitendeke ndani yake. Hapo ndipo kazi ya Pilipili inapostahili kutazamwa polepole.

Jambo la kwanza ni jinsi uwanja wa picha unavyojazwa. Katika mapokeo ya Ulaya ya kuchora maua ndani ya chombo, au matunda juu ya meza, kuna mbele na kuna nyuma. Ua limesimama kwenye mwanga, na nyuma yake kuna ukuta au giza ambalo kazi yake ni kulipa ua nafasi. Kwa Pilipili, nyuma ya namna hiyo haipo. Pengo lililo kati ya ndege mmoja na mwingine limejazwa vidoa vilivyochorwa kwa subira ileile iliyochora manyoya. Jicho halipati mahali pa kupumzika, wala halipelekwi kwa nguvu kwenye kitovu kimoja. Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni mkeka: ukili wa pembeni unabeba mzigo sawa na ule wa katikati, na mkeka hauna mahali panapoweza kuitwa mandharinyuma.

Kanga atasaidia kulieleza jambo hili. Ni ndege ambaye madoa yake, kwa maelezo yanayosikika pwani nzima, yalilipa jina vazi la wanawake. Ndege wa madoa akiwekwa mbele ya uwanja wa madoa, mpaka kati yake na hewa unakuwa mwembamba sana. Wahakiki wengi wameliita hilo umahiri wa mapambo, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini mwembamba wa mpaka huo ndio pia unaomficha mnyama porini, na anayejificha ana sababu ya kujificha.

Ndipo linapoingia jambo la pili: katika picha hizi mara nyingi kuna anayekula au anayetaka kula. Ndege ana samaki mdomoni. Makinda wamepanua midomo juu ya kiota. Nyoka amejiviringisha tawini akielekea kwenye mayai. Mamba amezungukwa na samaki. Aghalabu kinachochorwa ni dakika iliyo kabla, ambapo mdomo umefunguka na haujafumba. Walioiita dunia hii bustani ya Edeni hawakuangalia vizuri nani yuko mezani.

Mambo haya mawili yakiunganishwa, hoja inajitokeza. Uwanja usio na mbele wala nyuma haumpi mlaji cheo kuliko mlwaji. Nyoka hakupakwa rangi ya uovu wala ndege hakupewa macho ya huruma. Magamba ya huyu na manyoya ya yule yametoka katika brashi moja, kwa mkato mmoja. Nyoka ana njaa na kinda ana njaa. Mdomo wa kinda uliopanuka na mdomo wa nyoka ni maumbo ya ukoo mmoja. Mama wa makinda, ambaye ndiye anayetishwa, katika picha nyingine ndiye mwenye samaki mdomoni. Mtazamaji anaachwa bila wa kumshangilia. Hiyo si amani, wala si hofu kuu. Ni hesabu ya chakula iliyopigwa bila upendeleo.

Kishawishi cha fumbo

Msomaji aliyelelewa na ngano za Kiswahili huwa tayari kumgeuza mnyama kuwa mtu. Sungura wa ngano ni mtu mjanja aliyevaa manyoya, na Fisi ni mlafi wa mtaani anayejulikana kwa jina lake. Mapokeo hayo ni utajiri, lakini hapa yanapotosha. Ndege wa Pilipili hasemi, hapangi hila, na hapati adhabu mwishoni. Hakuna mwishoni. Anayedai kwamba nyoka ni Mbelgiji atalazimika kueleza kwa nini nyoka alichorwa kwa upendo uleule, na kwa nini ndege naye ni mlaji wa wanyonge. Fumbo linaloweza kusimama kwa kufumba jicho moja tu si fumbo lililowekwa na mchoraji.

Kukataa fumbo si kukataa historia. Pilipili aliuona utawala wa Wabelgiji, uhuru wa 1960, kujitenga kwa Katanga hadi 1963, utawala wa Mobutu na vita vilivyofuata. Kwamba aliendelea kuchora viota ni jambo la kihistoria pia, ingawa halijaandikwa ndani ya kiota. Uhakiki unaoweza kushughulika na Tshibumba peke yake ni uhakiki unaosoma maandishi yaliyo juu ya picha na kudhani umeiona picha. Ni haki kuuliza pia ni kiasi gani cha picha za Tshibumba mwenyewe, yaani rangi zake, mpangilio wake, anga zake, kimepita bila kutazamwa kwa sababu maneno yake yalitosha.

Suala la majina linahitaji neno hapa. Kazi nyingi za Pilipili zinatundikwa kwa maandishi ya Kifaransa yanayosema hazina jina, au kwa maelezo ya jumla: ndege, samaki, nyoka. Kiswahili kina uwezo wa kuingia ndani zaidi. Mdiria si yangeyange, mnana si chozi, na mwewe si tai, na kila mmoja wao ana namna yake ya kula na ya kujenga kiota. Si kila ndege wa Pilipili anaweza kutambuliwa kwa aina, kwani wengine ni wa kubuniwa kabisa, wenye mikia ambayo hakuna msitu ulioizaa. Lakini kuwatenganisha wanaotambulika na wasiotambulika kungeonyesha ni wapi mchoraji alikumbuka na wapi alibuni, jambo ambalo neno moja la ndege haliwezi kulionyesha. Hiyo ni kazi ya watu wa lugha, si ya watu wa makumbusho peke yao, na wasemaji wa Kiswahili cha Katanga ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuulizwa.

Ulinganisho mfupi na Dar es Salaam unasaidia. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Msasani mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za dukani juu ya mbao nyembamba za mraba, naye alichora ndege na wanyama kwa wanunuzi waliokuwa wageni kwa wingi. Lakini mnyama wake kwa kawaida amesimama peke yake mbele ya rangi tupu, kama mtu aliyekuja kupigwa picha studio. Utupu huo unampa ukuu. Pilipili hampi yeyote ukuu wa namna hiyo. Kuziweka kazi hizi mbili katika kapu moja la "sanaa ya watalii" ni kuhukumu kwa kumtazama mnunuzi badala ya picha.

Yote haya hayamwondolei Pilipili lawama anazostahili. Zimo kazi ambamo ndege wawili wanatazamana juu ya tawi lenye maua, pande mbili zikilingana kama khanga iliyokunjwa katikati, na hakuna anayetaka kitu kwa mwenzake. Hizo ni pambo kweli, na jibu lile la kwanza linazitosha. Mkono ni uleule na rangi ni nzuri pengine kuliko zote. Tofauti huonekana kwenye vidoa. Katika picha za kiota vidoa vinabana, vinakaribia mwili wa ndege hadi kuugusa, na nyoka anapita kati yake bila kuacha nafasi. Katika picha za wawili wanaotazamana, vidoa vimesimama mbali kidogo, safu zimenyooka, na kila ndege amezungukwa na ukingo mwembamba wa rangi tupu.