Nyumba Iliyoainishwa Isivyo na Njia za Kudai Haki

Tangu mwaka 2021, Serikali ya Tanzania ilipoiunganisha kodi ya majengo na mita za LUKU, mwenye nyumba huilipa pale anunuapo umeme, na mita ndiyo inayoshuhudia nyumba yake ni ya namna gani. Kwa viwango vya mwaka 2023, nyumba ya kawaida mjini hutozwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na ya ghorofa 7,500 kwa kila ghorofa. Basi nyumba ya chini iliyoandikwa kuwa ghorofa moja humtoa mwenyewe shilingi 72,000 kwa mwaka zisizomhusu, na yenye mita mbili, ya mwenyewe na ya mpangaji, yaweza kukatwa maradufu ilhali jengo ni moja.

Aghalabu jambo humalizika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, kwa kupeleka namba za mita na ushahidi wa umiliki. Lisipomalizika, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yampa mlipakodi siku 30, tangu kufikishiwa uamuzi, aweke pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, sharti alipe kwanza kiasi asichokibisha au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, kilicho kikubwa; akishindwa, huenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani.

Ngazi hizi zilijengwa juu ya karatasi yenye tarehe na sahihi, lakini mita haiandiki barua: yakata tu, na ukataji humfikia mtu kwa mstari mmoja katika ujumbe wa simu, karibu na hesabu ya yuniti. Siku 30 zihesabiwe tangu ujumbe upi? Kwa hiyo naona kazi ya kwanza ya mdai ni kuandika barua, nakala yake ikagongwa muhuri, kutaka ajibiwe kwa maandishi nyumba yake imeainishwaje na kwa hoja gani, maana jibu hilo ndilo atakalolipinga. Sharti la theluthi halitamlemea, kwa kuwa mita imekwisha kukata yote.

Mpangaji ndiye aliye katika dhiki zaidi, kwani hulipa kodi ya jengo lisilo lake na pingamizi si lake kuliweka. Na azihifadhi jumbe zote, akubaliane na mwenye nyumba kiasi hicho kitolewe katika pango. Mwenye nyumba akiona pango limepungua, naye atakuwa na sababu ya kwenda kutaka uainishaji wa nyumba yake usahihishwe.