Wufa Inayocheza Bila Besi

Huku Eastlands, Nairobi, siku hizi ukitaka sifa, toa kitambaa cha spika watu waone wufa, ile spika ya besi, ikiruka. Juzi Buruburu nilikuta vijana wakirekodi seti ya santuri kwa simu: "Cheki vile inapiga!" Ilikuwa haipigi kitu. Wimbo ulishakwisha, sindano iko kwenye kimya kati ya nyimbo mbili, na wufa bado inaingia na kutoka. Mwenye seti akapokea pongezi zote.

Seti ya santuri hupimwa hapo kwenye kimya, na hapo ndipo wasiojua wasipoangalia kamwe. Besi ya bendi ya benga kama Shirati Jazz haishuki sana chini ya hezi 40, na unaisikia. Kinachosukuma wufa wakati wa kimya kiko chini ya hezi 20. Sikio halikipati, lakini kinakula nguvu za amplifaya na kuchosha koili. Basi tazama mwendo wake. Santuri ya 33 huzunguka mara moja kwa sekunde 1.8, ya 45 kwa sekunde 1.3. Wufa ikivimba mara moja kila mzunguko, santuri imepinda. Ikitikisika mara nne au tano kwa sekunde, mkono wa pleya ni mzito mno kwa sindano ile. Mtikisiko huo wa mkono na sindano unatakiwa ukae kati ya hezi 8 na 12, juu ya mpindo wa santuri na chini ya muziki.

Fundi mmoja mzee wa Jericho hakushika bisibisi kabla ya kutazama. Alisimamisha sahani, akalaza sindano juu ya santuri iliyotulia, akapandisha sauti, kisha akagonga kabati kwa kidole. Wufa ikijibu, ugonjwa ni kabati: spika na pleya zinakaa pamoja, zinatikisana. Alihamishia pleya kwenye rafu iliyofungwa ukutani, akalipwa kidogo, akaenda.

Mwingine alikuwa anagandisha sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano. Sindano iliacha kuruka na mteja akafurahi. Lakini uzito ule unashusha mtikisiko wa mkono hadi pale penye mpindo, wufa inapagawa, na mifereji ya santuri inalika. Seti yenye sarafu siichukui hata ya bure.

Chujio cha sauti za chini kwenye amplifaya ni kizuri, ila kibonyezwe mwisho, baada ya mambo mengine kurekebishwa.

Zamani kule Maringo, benga ya 45 ikifika mwisho wa sehemu ya kwanza, nyumba ilinyamaza kabisa mpaka mtu ageuze upande wa pili, ambako magitaa yalichemka. Santuri zilisimamishwa wima, mbali na dirisha la jua. Leo naziona zimelazwa rundo zima juu ya amplifaya yenye moto, halafu watu wanauliza kwa nini zimepinda.