Si kila 'fume' ni moshi

JUZI mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliniletea zoezi lake. Katika matini ya Kiingereza, mwanamke aliyenyimwa mshahara alitumia kitenzi 'fume' kueleza hali yake siku hiyo. Mwanafunzi akaandika: "Nilifoka siku nzima." Nikamuuliza, alimfokea nani? Kimya. Katika matini nzima mama wa watu hakutamka hata neno moja!

Kufoka ni kusema kwa ukali. Bila mdomo kufunguka hakuna kufoka. 'Fume' haimlazimishi mtu kusema. Unaweza kupanda matatu Thika hadi Nairobi, umetazama dirishani, umefura kwa hasira, na abiria mwenzako asijue. Huko ndiko kufukuta, kama moto unaoungua ndani kwa ndani. Sasa hebu fikiria maelezo ya mwanamke huyo yakisomwa mbele ya kamati ya nidhamu. Aliyejizuia amegeuzwa mtovu wa adabu, eti alimfokea mkubwa wake.

Neno hili lina asili ya Kilatini, 'fumus', yaani moshi. Hata 'perfume' ni la ukoo huohuo, jambo lisilomshangaza Mswahili anayefukiza nguo zake kwa udi. Nasi tuna fuka ya moshi na foka ya hasira, irabu moja tu ikizitenga. Ila sitadai kwamba mzizi ni mmoja. Kufanana kwa sauti si ushahidi.

Kosa linalonikera zaidi liko upande wa moshi wenyewe. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliofariki baada ya kulala na jiko la makaa ndani ya nyumba. Taarifa ya Kiingereza husema 'fumes', nasi twatafsiri 'moshi wa makaa'. Jamani! Anayetumia jiko huliwasha nje, akangoja moshi uishe, ndipo akaliingiza ndani. Akisoma kwamba moshi umeua watu, atajiambia: langu halifuki, niko salama. Kumbe kinachoua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na makaa yaliyokolea yakawa mekundu huitoa vilevile. Moshi umekwisha, sumu ingalipo.

Wapo wanaopendekeza 'mafusho'. Siafiki. Kwa wengi wetu mafusho ni ule mvuke wa majani ya dawa ambao mtu hujifunika shuka akauvuta ili mafua yapone. Neno la tiba halifai kubebeshwa onyo la kifo.

Tuandike 'gesi ya sumu ya makaa'. Najua wahariri watalalamika kwamba kichwa cha habari hakitoshi. Basi wapunguze ukubwa wa herufi.